Mabaki ya Kikwembe: Sketi ya Mkono katika Historia ya Fizi na Baraka

Historia ya mavazi katika Afrika ya Mashariki na Kongo imezoea kufuata nguo nzima: jora lililoteremshwa bandarini, doti iliyolipiwa hongo, kanga iliyotiwa jina. Kipande kinachosalia baada ya mkasi kupita hakitajwi sana. Hata hivyo, katika Fizi na Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ndicho kinachodhihirisha namna wanawake walivyoipokea mitindo ya kigeni na kuifanya yao.

Katika karne ya 19 nguo zilifika ziwani kwa misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, mji ambao Burton na Speke waliufikia mwaka 1858. Merikani, kitambaa kilichofumwa Marekani, kilikuwa bidhaa na fedha kwa pamoja, kikipimwa kwa mkono, shuka na doti. Palipo nguo iliyo fedha, kipande ni chenji; hakitupwi. Huko Unguja nako husimuliwa kwamba kanga za mwanzo, mwishoni mwa karne hiyo, zilipatikana kwa kuunganisha leso sita kwa sindano.

Msamiati wa Kiswahili cha Kivu unahifadhi safari hiyo. Sindano, uzi na mkasi vimebaki na majina ya pwani. Sketi huitwa jipe, neno la Kifaransa lililoingia wakati wa utawala wa Wabelgiji. Kitenge huitwa kikwembe. Vazi moja, basi, lina tabaka kadhaa za historia.

Tangu mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilihimiza siasa ya uasilia, na wanawake wakakatazwa suruali na sketi fupi. Kikwembe kikawa vazi la heshima. Kipimo chake kamili ni yadi 6, zinazogawanywa sehemu tatu: blauzi, sketi na nguo ya kujifunga. Asiyeweza kununua kipimo hicho alitegemea mabaki ya fundi.

Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Sketi pana aliyoitangaza Dior mjini Paris mwaka 1947 ilikula yadi nyingi. Mshonaji wa mabaki huupata upana huo kwa njia nyingine: hukata pande sita au nane, nyembamba kiunoni na pana chini, kila moja ikitosha katika kipande kidogo. Huziunga kwa mshono unaorudi nyuma nusu hatua kila sindano inapopita, ili usifumuke. Maua yasipolingana, hupanga pande kwa zamu, rangi nzito kando ya nyepesi. Upungufu ukageuka urembo.

Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwavusha wengi hadi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Cherehani haibebeki kirahisi katika safari ya mkimbizi. Sindano hufichwa katika pindo la nguo. Kuanzia mwaka 2005, wengine walirejea Baraka kwa meli, na ujuzi wa mkono ukarejea nao.

Kuiita sketi hiyo mwigo ni kuhesabu umbo na kusahau hesabu iliyolizaa. Lakini ushahidi wake hupotea upesi: sketi ikichakaa huwa nepi, kisha tambara la kufutia. Kwa hiyo masimulizi ya washonaji wazee yanastahili kukusanywa wangali hai, kwa kuwa nguo zenyewe hazitasubiri.