Dawa ya Masasi: Kanuni Tuliyoibadili Mara Nne

Kila Jumamosi mchana hapa kambini Gasorwe, vijana wanakuja na askari wao wa udongo. Udongo tunautoa bondeni, tunawafinyanga, tunawaanika juani. Uwanja wa vita tunauchora juu ya katoni. Unasogeza kikosi chako, unarusha dadu, unajua nani kapigwa.

Mama mmoja aliniuliza: "Hawa watoto walikimbia vita, na wewe unawarudishia vita mezani?" Nilimjibu: "Mama, wanacheza vita hata bila mimi. Mezani tunaweza kusimama na kuuliza."

Swali gumu lilikuwa dawa. Tulichagua vita vya Simba vya 1964, maana watu wa Fizi na Uvira wengi wana habari zake nyumbani. Waganga waliwamwagia Simba maji, wakawaambia masasi yatageuka maji. Wakaenda mbele wakiita "Mai Mulele!", jina la Pierre Mulele aliyeongoza uasi kule Kwilu. Dawa ilikuwa na miiko: usiibe, usiguse mwanamke, usiangalie nyuma.

Kanuni yetu ya kwanza: mwenye dawa hapigwi. Mchezo uliisha haraka, hata haukunoga. Ya pili: dawa ni bongo, haina kazi. Simba wenye mikuki wakaisha wote, na hakuna aliyetaka tena kuwa Simba.

Lakini historia haikwenda hivyo. Uvira ilianguka Mei 1964, na Stanleyville, Kisangani ya leo, ikaanguka Agosti. Jeshi la serikali lilikuwa na silaha nzuri kuliko Simba. Lilishindwaje? Askari wengi wa serikali nao waliiamini ile dawa, wakakimbia. Dawa haikugusa sasi. Iligusa moyo wa aliyeshika bunduki.

Basi kanuni ya tatu: kabla ya kupiga, askari wa serikali anarusha dadu. Ikija moja, mbili au tatu, anakimbia. Lakini mamluki wa Mike Hoare na makomando wa Ubelgiji hawarushi, maana hawaiamini. Stanleyville ilichukuliwa tena tarehe 24 Novemba 1964.

Kanuni hiyo tuliijaribu pia kwa Maji Maji ya Tanganyika. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji, na maji yale yakaunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 mwezi uleule, maelfu waliiendea boma ya Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Wale waliokuwa nyuma ya rashasha hawakukimbia. Vita viliisha 1907, na njaa iliua wengi kuliko masasi.

Vijana waliipenda hiyo kanuni. Mimi nikaongeza kitu ambacho sikukifikiria vizuri: kadi za miiko. Simba akianguka, mchezaji anavuta kadi kujua alivunja mwiko gani. Ndivyo watu walivyosema wakati ule. Che Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965 kuwasaidia waasi, aliandika kwamba kila aliyekufa aliambiwa kavunja mwiko.

Kijana mmoja akavuta kadi: "Aliiba." Akaiweka chini polepole.

"Yaya, babu yangu alikufa kule Baraka. Ni kusema aliiba?"

Tulinyamaza wote. Nikaelewa kwamba miiko hii hailindi mtu, inalinda dawa. Aliye hai anasema "dawa ni nzuri," aliyekufa anabeba kosa, na hawezi kujibu. Kijana anayeahidiwa dawa leo ataambiwa hayohayo, na mama yake naye atabaki na aibu juu ya msiba.

Nikamwambia: "Hapana, mdogo wangu. Babu yako hakuiba."

Kadi tukazigeuza. Nyuma yake yule kijana akaandika maneno mamoja kwa kadi zote: "Alipigwa sasi." Hiyo ndiyo kanuni ya nne, na ndiyo tunayoitumia.

Wazee mnaokumbuka miaka ile, karibuni Jumamosi. Kama tumekosea mahali, mturekebishe. Viti vipo.