Masomo Imefungwa, Lakini Kusoma Je?



Tuko mu siku za proklamasio. Kwa kawaida, hapa kwetu Kongo mwaka wa masomo unafungwa karibu tarehe 2 mwezi wa 7. Watoto wa shule ya msingi wanavaa vizuri, wazazi wanajaa mu kiwanja, direkta anaita majina, wengine wanacheka, wengine wanalia. Kisha buletini inafichwa mu sanduku, sare ya bluu na nyeupe inafuliwa, na mtoto anatangaza mu kartie yote: « Nimeshamaliza kusoma! »

Neno hilo njo linanifanya niandike leo. Katika Kiswahili chetu, kusoma ni neno moja lenye kazi mbili. Ni kwenda shule, na ni kufungua buku na kufuata maandishi. Shule yenyewe tunaiita « masomo ». Kwa hiyo masomo ikifungwa, kusoma nako kunafungwa. Miezi miwili mtoto hagusi hata ukurasa mmoja, na mwezi wa 9 mwalimu wa kalasi ya tatu analazimika kurudilia silabi za kalasi ya pili.

Watu wengi wanasema ni uvivu wa watoto wa leo, ni telefone, ni televizio. Mimi naona jambo hili liko na mizizi mirefu zaidi. Hapa kwetu buku liliingia kwa mlango wa shule, na hakuna aliyelifungulia mlango wa nyumba. Tuangalie namna ilivyokuwa.

1. Buku lilifika pamoja na misioni

Twende kwanza ku ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1883, Émile Storms, ofisa Mbelgiji, alijenga posti pale Mpala. Mwaka wa 1885 posti hiyo ikapewa Mapadre Weupe. Mu misioni yao watoto walifundishwa katekismu, na pamoja nayo herufi na hesabu. Kusoma na kusali vilikuwa karibu kitu kimoja. Hata kule Buganda, ambako Mapadre Weupe walikuwa wanafanya kazi pia, Wakristo wa kwanza waliitwa « abasomi », maana yake wale wanaosoma.

Mu shule ya Mpala njo alipitia Stefano Kaoze. Mwaka wa 1910 andiko lake juu ya saikolojia ya Wabantu lilianza kuchapishwa kwa Kifaransa. Linahesabiwa kati ya maandishi ya kwanza kabisa ya Mkongomani mu lugha hiyo. Mwaka wa 1917 akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati za ukoloni, kule Baudouinville, upande tunaouita leo Moba.

Kaoze anatuonyesha kwamba mtoto wa kijiji aliyepewa buku anaweza kufika mbali sana. Lakini tuangalie pia alikaa wapi na mabuku yake: kutoka shule ya misioni akaingia seminari, kutoka seminari akaingia kanisa. Wale waliorudi kijijini hawakurudi na buku.

2. Mkataba wa 1906: shule na jembe

Mimi ni mtu wa agronomi, kwa hiyo mkataba huu unanigusa. Tarehe 26 mwezi wa 5 mwaka wa 1906, Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II lilipatana na Vatikano. Kila misioni ya Kikatoliki itapewa udongo wa kulima, hekta 100 mpaka 200. Kwa upande wake, misioni itafungua shule kadiri ya uwezo wake. Na shule ifundishe nini? Mkataba ulitaja zaidi kilimo, mambo ya misitu na kazi za mikono.

Siwezi kusema kilimo ni somo baya, mimi mwenyewe njo nililichagua. Lakini kufundisha mtoto sababu ya mbegu kuota ni kitu kimoja, na kumpa jembe ili shamba la mwingine lilimwe ni kitu kingine. Mtoto anayejifunza sababu anahitaji buku. Yule wa jembe tu hahitaji.

Programu ya mwaka wa 1929, ile iliyojulikana kama « brosha ya manjano », iliendelea mu njia hiyo. Shule ya msingi ilikuwa na ngazi mbili: ya kwanza miaka miwili, ya pili miaka mitatu kwa wale waliochaguliwa. Watoto wengi wa vijijini waliishia mu miaka ile miwili. Hebu fikiri: miaka miwili ya herufi, kisha mtoto anarudi mahali ambapo hakuna kitu cha kusoma hata kimoja. Herufi zinakufa polepole, kama vile mche uliotolewa mu pepinyeri na kupandikizwa mahali hakuna maji. Kwao vakansi ilidumu maisha yote.

3. Wale waliosoma inje ya shule

Sasa tuangalie upande mwingine. Mwaka wa 1945 gazeti « La Voix du Congolais » lilianzishwa Léopoldville, na mwandishi wake mkuu alikuwa Antoine-Roger Bolamba. Mule Paul Lomami Tshibamba aliandika akiuliza nafasi yetu itakuwa ipi mu dunia ya kesho. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1948, kitabu chake « Ngando » kikatoka. Chuo kikuu hakikuwa bado: Lovanium ilifunguliwa mwaka wa 1954. Kwa hiyo watu hawa walijisomea usiku, kisha kazi ya ofisi.

Patrice Lumumba naye alisoma shule za misioni mu Sankuru, kisha akapata mafunzo ya posta Léopoldville. Diploma ya chuo kikuu hakuwa nayo. Alipokuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo, alijitolea kusaidia mu biblioteki ya mji bila mshahara, na alikuwa kiongozi wa vyama kadhaa vya wale waliosoma kidogo. Mu vyama kama vile, watu walikutana kusoma magazeti, kubadilishana mabuku na kubishana.

Ndugu zangu wa asosiasio, hapo pananipa mawazo. Siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa hawafiki 30. Sisi leo, mu kartie moja ya Lubumbashi, tunaweza kuwapita hesabu hiyo. Lakini karani yule mwenye shule ya msingi na mafunzo kidogo alifungulia wengine mlango wa biblioteki. Sisi wenye lisansi tumefungulia nani?

4. Boyi aliyeandika historia yetu

Kuna habari moja ya mji wetu ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Mwaka wa 1965, mtu mmoja anaitwa André Yav aliandika, kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi mu nyumba za wazungu, historia ya Élisabethville. Aliita andiko hilo « Vocabulaire » ya mji. Jina ni la Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili, na si kile cha Zanzibar. Ni Kiswahili chetu, cha hapa, namna watu wanasema. Miaka 25 baadaye, mu 1990, mwanaantropolojia Johannes Fabian alilitoa kama kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo vyuo vikuu vya ngambo vinalisoma.

Mtu aliyefua na kupika kwa wengine aliona kwamba maisha yake ni kitu cha kuandikwa na kusomwa, na kwamba lugha ya nyumbani inatosha. Hakungojea shule imupe ruhusa.

Hapa Katanga pia kulikuwa na gazeti « Mwana Shaba » la Union Minière, tangu 1957, na baadaye « Mwana Shaba Junior » kwa watoto, lenye hadithi za picha. Wazee waliokulia mu kambi za Gécamines wanalikumbuka. Tunaweza kusema mengi juu ya kampuni ile na namna ilivyotaka kuongoza maisha yote ya mfanyakazi. Lakini gazeti lilifika nyumbani. Mtoto alilisoma akilala chini ku mkeka, bila mwalimu, bila asilimia, bila kuogopa kurudilia kalasi. Kusoma kwa kupenda kulianza hivyo.

5. Nini ilivunjika

Baada ya uhuru, programu ya 1962 iliweka Kifaransa kama lugha ya kufundishia tangu kalasi ya kwanza. Nia ilikuwa kuunganisha taifa. Lakini mama anayesema Kiswahili tu, au Kibemba, au Kisanga, alijikuta hawezi tena kufuata buku la mtoto wake. Mu 1974 serikali ikachukua shule zote za makanisa, mu 1977 ikazirudisha kwa mkataba. Mwanzo wa miaka ya 1990 mishahara ya walimu ikaanguka, na wazazi wakaanza kumlipa mwalimu kutoka mfuko wao. Mzazi anayehangaika na minervali na prime ya watoto watano atanunua buku la hadithi na franka gani?

Mwezi wa 9 mwaka wa 2019, shule ya msingi ya serikali ikawa bure kweli, kama vile katiba ya 2006 iliahidi. Watoto wengi waliokuwa nyumbani wakarudi, na hilo ni jambo la kushangilia. Lakini kalasi zikajaa, benchi moja likabeba watoto watano, buku moja likasomwa na safu nzima. Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 juu ya 100 wenye miaka 10 mu inchi yetu hawawezi kusoma na kuelewa andiko rahisi. Soma tena hesabu hiyo polepole. Na mu Kivu, watoto wengine mwaka wao wa masomo umekatwa-katwa na vita, kalasi zao zikageuka makao ya wakimbizi. Kwao, kungojea mwezi wa 9 peke yake si dawa.

6. Basi, vakansi hii tufanye nini?

Vakansi yetu inaangukia mu kipwa. Mu kijiji, wakati huo mama hali mbegu. Anachagua mahindi mazuri, anayatundika juu ya moto wa jikoni, moshi unafukuza wadudu, na mvua ya kwanza ikinyesha mbegu iko tayari. Kile mtoto alichojifunza kutoka mwezi wa 9 mpaka wa 7 ni mbegu. Kikitupwa tu kwa miezi miwili, wadudu watakila.

Hatuhitaji mradi mkubwa. Mambo ninayopendekeza ni haya:

Dakika 15 kila siku, mtoto asome kwa sauti na mtu mkubwa amusikilize. Hata bibi asiyejua herufi anaweza kusikiliza na kuuliza, « Kisha ikawa namna gani? » Swali hilo linafundisha kuelewa kuliko diktee kumi.

Tuanze na Kiswahili. Sheria ya elimu ya 2014 yenyewe inakubali lugha za taifa mu shule. Mtoto anayesoma vizuri lugha anayoisikia nyumbani, Kifaransa kitamjia bila kilio.

Tusingojee buku jipya. Biblia iko, gazeti la zamani liko, karatasi ya dawa iko, mfuko wa mbegu au mbolea uko na maandishi. Mu telefone, African Storybook iko na hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, bila kulipa. Ukiweka mara moja, mtoto anasoma bila megabaiti. Nyingine ziko mu Kiswahili cha Kenya na Tanzania, na hiyo ni faida. Mtoto atauliza, « Mama, mchicha ni nini? » Mama atajibu, « Njo lengalenga, mwanangu. » Hapo wamejifunza wote wawili.

Wakubwa wasomee wadogo. Yule aliyemaliza kalasi ya sita na anangojea matokeo ya mtihani wa taifa, apewe wadogo wawili. Atajiona mwalimu, na yeye mwenyewe hatasahau.

Na sisi? Kila mwanachama achague watoto watatu wa kartie yake, si lazima wa damu yake. Atoe mabuku mawili au matatu mu nyumba, ayaweke mu katoni moja, katoni hiyo izunguke parsela kwa parsela mpaka mwezi wa 9. Buku litachafuka, ukurasa utapasuka, lingine litapotea. Si kitu. Buku lililochakaa mikononi mwa watoto limefanya kazi yake kuliko lile lenye vumbi juu ya kabati ya saluni, pembeni ya diploma.

Wazee wetu walipewa shule ya miaka miwili na jembe, na bado kati yao walitoka waandishi. Watoto wetu wana miezi miwili tu ya vakansi. Jioni ya leo, muite mmoja, muambie alete buku, aanze kusoma. Wewe kaa, sikiliza.