Kutoka Mashini ya Karani hadi Swichi ya Sumaku: Vibonye vya Kuchapia Kadutu

Swichi ya sumaku ni kifaa kidogo kinachokaa chini ya kibonye cha kibodi. Ndani yake mna springi na kijiti chenye kipande cha sumaku. Kidole kikibonyeza, sumaku hushuka na kukikaribia kihisi kilicholehemewa kwenye bodi, na kihisi hicho hupima jinsi nguvu ya usumaku inavyoongezeka. Hakuna vyuma viwili vinavyogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika wala kushika kutu mahali pa kupitishia umeme. Watu wanaojiundia kibodi zao wamezipenda sana swichi hizi katika miaka ya karibuni, hasa wacheza michezo ya kompyuta. Lakini Kadutu, komuni ya mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, yenye soko kubwa na vibanda vingi vya kuchapa, kibonye kina historia ya namna nyingine. Huko kuchapa ni kazi ya kuleta chakula nyumbani, na swichi inayofaa hupimwa kwa kurasa inazoweza kubeba.

Historia hiyo inaanza na karani. Mwaka 1927 Wabelgiji waliupa mji jina la Costermansville, na jina la Bukavu likarudi rasmi katika miaka ya 1950. Ofisi na nyumba za Wazungu zilijengwa upande wa Ibanda, kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu. Waafrika walipangiwa kuishi Kadutu na, baadaye, Bagira. Aliyejua Kifaransa na kupiga mashini aliteremka mlima asubuhi kwenda ofisini na kuupanda jioni, akiwa na cheo ambacho majirani wengi hawakuweza kukifikia. Ufundi wa vidole ulikuwa mojawapo ya milango michache ya kuingia kazi ya mshahara isiyokuwa ya jembe wala ya mzigo.

Mashini ya kuandikia haikuwa na swichi. Kila kibonye kilikuwa ncha ya wenzo, na wenzo uliirusha nyundo ya herufi ikagonga utepe wa wino juu ya karatasi. Nguvu yote ilitoka mkononi. Barua ikihitaji nakala tatu au nne za kaboni, karani alilazimika kugonga kwa nguvu zaidi, la sivyo nakala ya mwisho ilitoka kama kivuli. Stensili ya kuzalishia nakala nyingi ilitaka nguvu sawa na hiyo: herufi dhaifu haikukata nta. Kibonye kizuri cha enzi hiyo kilikuwa kile kisichokwama na kinachoirudisha nyundo upesi. Wepesi haukuwa sifa ya kwanza.

Pamoja na mashini ulikuja mpangilio wa herufi wa AZERTY, ambao Ubelgiji na Ufaransa huutumia hadi leo. Mashini ya kwanza iliyouzwa kwa wingi, ile ya Christopher Latham Sholes iliyotengenezwa na kampuni ya Remington ya Marekani tangu miaka ya 1870, ilikuwa na mpangilio wa QWERTY. Wasemaji wa Kifaransa walibadilishanisha nafasi za A na Q, za Z na W, wakaiweka M kulia kwa L, na wakaweka é, è, ç na à kwenye mstari wa tarakimu. Ndiyo maana hadi leo kuandika tarakimu kwenye AZERTY hutaka kushikilia kibonye cha herufi kubwa. Kwa barua ya Kifaransa kwenda kwa msimamizi wa wilaya, mpangilio huo ulifaa.

Kwa Kiswahili, mambo ni tofauti kabisa, na jambo hili halijapewa uzito linaostahili. Herufi A ndiyo inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili, na W iko katika karibu kila sentensi inayotaja watu. Kwa anayechapa kwa vidole vyote kumi, AZERTY huziweka zote mbili chini ya kidole kimoja, tena kidogo kuliko vyote: kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. A iko pembeni juu, W pembeni chini, na Q, ambayo Kiswahili hakiihitaji, imekalia nafasi ya kupumzikia katikati. Katika neno “wanawake”, herufi tano kati ya nane ni za kidole hicho. Katika “wamama” hali ni ngumu zaidi, maana M nayo iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kulia: herufi zote sita zinabebwa na vidole viwili vilivyo dhaifu kuliko vingine vyote. Karani aliyegonga nakala nne za kaboni za tangazo la Kiswahili aliulipia mpangilio huo kwa misuli yake.

Uhuru wa 1960 haukuiondoa mashini. Maporomoko ya mto Ruzizi, unaotoka ziwani hapo hapo Bukavu, yalikuwa yamekwisha kujengewa bwawa la umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, na bwawa la pili, la pamoja na Rwanda na Burundi, likafuata katika miaka ya 1980. Hata hivyo umeme wa kukatikakatika umekuwa sehemu ya maisha ya mitaa ya Kadutu, kutoka Nyamugo hadi Cimpunda. Mashini isiyohitaji waya ilikuwa na faida iliyo wazi. Iliweza kufanya kazi chini ya baraza, kwa mwanga wa jua, na fundi wa saa au wa redio aliweza kuinyoosha nyundo iliyopinda.

Wakati huohuo, mbali sana na Kivu, kibonye kilikuwa kimepata asili mpya. Mizizi yake ni ya zamani zaidi: mwaka 1879 Edwin Hall, mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, alipitisha mkondo wa umeme katika karatasi nyembamba ya dhahabu iliyowekwa kati ya ncha za sumaku. Akaona volteji ndogo ikijitokeza kati ya kingo mbili za dhahabu hiyo, kukingama na njia ya mkondo. Sumaku ilikuwa ikivisukuma upande vibebachaji vya umeme. Katika dhahabu athari hiyo ni ndogo mno kutumika dukani, na ilibidi kungoja vipitishinusu. Mwaka 1968 Micro Switch, tawi la kampuni ya Honeywell lililokuwa Freeport, Illinois, lilitoa kibodi ambayo kila kibonye chake kilikuwa na chipu ya silikoni iliyounganisha kihisi cha Hall na kikuza ishara chake. Kibodi hizo zilidumu ajabu na ziliaminiwa viwandani na penye vumbi. Kilichozishinda ni bei. Kompyuta ilipokuwa bidhaa ya kila ofisi, watengenezaji walikimbilia utando wa plastiki wenye vikombe vya mpira, ambao huundwa kwa gharama ndogo sana.

Kibodi iliyofika Kadutu ni hiyo ya vikombe vya mpira. Kompyuta zilienea Bukavu hasa baada ya vita vya 1996 na 1998, nyingi zikiwa mitumba, zikiletwa na wafanyabiashara wanaopitia Kampala na Dubai au na ndugu walioko Ubelgiji. Mji uliporwa mwaka 2004, wakati wanajeshi waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi walipoushika kwa siku kadhaa, lakini biashara ya kuchapa ilisimama tena. Inahitaji meza, mashini ya fotokopi, jenereta au betri, na kibao chenye maneno Secrétariat public. Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, ambacho kampasi yake ya Karhale iko Kadutu, pamoja na vyuo vingine vya mji, vimeilisha kazi hiyo kwa tasnifu za wanafunzi. Zaidi ya hizo kuna barua za kuomba kazi, mikataba ya kuuza viwanja na ripoti za mashirika.

Kikombe cha mpira hakikuumbwa kwa shughuli ya namna hiyo. Mpira hupoteza mnyumbuko, na kibonye cha A hutangulia kulegea. Ni lazima kibonye kishuke karibu hadi mwisho ndipo kisajiliwe, kwa hiyo kidole hugonga sakafu kila mara. Vumbi la kiangazi, na Bukavu ina barabara nyingi za udongo, hujaa chini ya utando. Kikombe kimoja kikifa, kibodi nzima hutupwa.

Swichi za sumaku zilirudi sokoni mwishoni mwa miaka ya 2010. SteelSeries ya Denmark ilitoa Apex Pro mwaka 2019, Wooting ya Uholanzi ikafuata na kibodi zilizopendwa na wachezaji, na viwanda vya Uchina kama Gateron vikaanza kuuza swichi zenyewe rejareja. Safari hii kihisi kimehamia kwenye bodi, na kina cha kusajili huchaguliwa kwa programu, kwa kawaida kuanzia sehemu moja ya kumi ya milimita hadi karibu milimita 4. Mchezaji hukitaka kifupi kabisa. Mpiga chapa akifanya hivyo atajaza makosa, kwa kuwa kidole kinachopumzika tu huandika. Milimita 1.5 hadi 2 humfaa zaidi, na uzuri wa teknolojia hii kwa Kiswahili ni kwamba A na W zinaweza kupewa kina chao, kifupi kuliko cha vibonye vingine, ili kidole cha mwisho kipunguziwe safari.

Jambo la kuangalia kwanza, kabla ya uzito wa springi, ni kama swichi na bodi vinakubaliana. Sumaku ya swichi moja huelekeza ncha yake ya kaskazini chini, ya nyingine juu, na nguvu zake hutofautiana. Bodi iliyopimiwa aina moja inaweza kuisoma nyingine vibaya au isiione kabisa. La pili ni umbo la bodi. AZERTY hutaka kibonye cha ziada kati ya W na kile cha herufi kubwa cha kushoto, na kibodi nyingi za kujiundia hufuata umbo la Kimarekani lisilokuwa nacho. La tatu ni kwamba vihisi hula umeme muda wote, ndiyo sababu kibodi nyingi za aina hii ni za waya. Kwenye kompyuta ya mapajani inayotumia betri wakati umeme umekatika, hilo lina uzito wake.

Springi za gramu 40 hadi 50 zinatosha kwa kazi ya kutwa, na nyepesi kidogo kwa A, W na M. Swichi hizi hazina pini za umeme, kwa hiyo huchomolewa na kurudishwa bila lehemu. Iliyovunjika hubadilishwa peke yake, na springi ya kibonye kimoja huweza kuhamishiwa kingine kwa mkono na koleo ndogo.