Maduka ya Eastleigh na Bei ya Ardhi
Ewe msomaji, ukifika Eastleigh, mashariki ya Nairobi, utaona maghorofa ya maduka yamesongamana. Haikuwa hivyo tangu awali. Mtaa huo ulianzishwa mwaka 1921, na kwa miaka mingi ulikuwa hasa wa nyumba za kukaa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi wengi walihamia huko. Katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge, vyumba vilikuwa malazi usiku na maduka mchana. Biashara ikastawi, wanunuzi wakaja kutoka mbali, na bei ya viwanja ikapanda. Mwenye kiwanja akafurahi. Mpangaji maskini akalemewa na kodi. Basi nawe, uonapo duka jipya mtaani kwenu, uliza: thamani imeongezeka kwa nani?