Mto, Mlima na Shubiri: Asili ya Majina ya Kemikali za Rubarbu

Makala haya yanakusudia kuchunguza asili ya majina ya kampaundi chache zipatikanazo katika mzizi wa rubarbu, na kuuliza kama Kiswahili kinalazimika kuyapokea yote jinsi yalivyo. Mmea wenyewe si wa kwetu Wenje, kando ya mto Tana, kati ya Hola na Garsen. Mimi niliuona kwanza ng'ambo, ambako mabua yake huchemshwa kwa sukari na majani hutupwa, kwa kuwa yana asidi nyingi ya oksaliki. Hata hivyo, baadhi ya kemikali zake tumeishi nazo tangu utotoni.

Tuanze na jina la mmea. Katika karne ya 4, mwandishi wa Kirumi Ammianus Marcellinus alieleza kwamba jirani na mto Tanais upo mto Rha, na kwamba kingoni mwake huota mzizi wa dawa wenye jina la mto huo. Rha ndio Volga. Tanais ni Don. (Asidhani mtu kuwa Tanais una nasaba na Tana yetu, kufanana ni kwa sauti tu.) Rha inahusishwa na jina la Kilatini Rheum, na kutokana na Rheum wanakemia wakaunda reini.

Emodini nayo ni jina la mlima. Warren de la Rue na Hugo Müller waliitambua katika rubarbu miaka ya 1850, na jina lake latokana na Rheum emodi, rubarbu ya Himalaya, milima ambayo watu wa kale waliiita Emodus. Ama krisofanoli, asili yake si rubarbu hata kidogo: mwaka 1843 Rochleder na Heldt waliipata katika kiumbe cha manjano kitambaacho juu ya magome na mawe, wakaiita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya dhahabu na kuonekana.

Kampaundi inayotuhusu zaidi ni aloe-emodini, ambayo imo katika rubarbu na katika shubiri pia. Nani kwetu asiyeijua shubiri? Mama huipaka kwenye titi amwachishe mtoto kunyonya, na jambo likituuma twasema ni chungu kama shubiri. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, katika mzizi uleule uliotupa subira. Ajabu ni kwamba moja limebaki na s na jingine likachukua sh. Kwa nini basi tuseme aloe? Napendekeza emodini-shubiri.

Wenzangu watasema istilahi za sayansi sharti ziwe za kimataifa. Nakubali kuhusu reini na emodini, maana hatuna jina letu la Rha wala la Emodus. Lakini penye mmea wenye jina la Kiswahili, kulificha jina hilo ni kumnyima mwanafunzi wa Wenje daraja alilokwisha kulivuka.

Pendekezo hili lina mpaka wake. Sennosidi, ambazo Arthur Stoll alizitenga mwaka 1941, hutoka katika sanamaki, yaani sana ya Makka. Neno lao na letu yana asili moja ya Kiarabu. Hapo sioni haja ya kubadili chochote.