Kutoka Timbo la Tabaka hadi Tovuti

Mtoto wa Tabaka hakabidhiwi tindo siku ya kwanza. Hupewa karai la maji na kipande cha msasa, akaketi karibu na mama au shangazi yake akisugua kiboko alichokichonga mtu mwingine. Huanza na msasa wenye meno makali, kisha laini, kisha laini zaidi, huku maji ya karaini yakigeuka meupe kama uji. Hakuna anayemhutubia. Baada ya viboko vingi, vidole vyake vinakuwa vimeshajua tumbo la mnyama linaanzia wapi, shingo inainamaje, na mshipa wa jiwe unaoweza kupasuka umepita upande gani. Hapo ndipo hupewa tupa. Tindo na panga huja baadaye.

Hivyo ndivyo ufundi wa jiwe la Kisii umerithishwa Tabaka, huko Mugirango Kusini, kwa vizazi kadhaa. Anayejifunza kutengeneza tovuti leo, akiwa na simu ya mkononi na kompyuta ya mkopo, angefaidika zaidi kwa kuijua historia hiyo kuliko anavyofaidika na hotuba nyingi za kumtia moyo.

Kabla ya biashara ya watalii, Abagusii, wenyeji wa huko, walilitumia jiwe hilo kwa mambo ya nyumbani: bakuli, viko vya tumbaku, mbao za kuchezea bao. Ni jiwe laini, linakatwa kwa msumeno wa kawaida na kuchongeka kwa kisu, na rangi zake ni za kila namna, kuanzia nyeupe na waridi hadi kijivu na nyekundu ya udongo. Wageni walipofika na fedha zao, vikaongezeka vinara vya mishumaa, visahani vya sabuni, seti za sataranji na wanyama wa mbugani, hata wale ambao wachongaji wengi hawakuwahi kuwaona wakitembea. Soko likabadilisha bidhaa. Namna ya kufundishana haikubadilika.

Elkana Ong'esa, aliyezaliwa mwaka 1944, ndiye mchongaji maarufu zaidi aliyetoka huko. Alisoma Makerere, kisha chuo kikuu cha McGill kule Montreal, na sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mwaka 2014 alikwenda kuchonga mbele ya umati mjini Washington, katika tamasha la Smithsonian ambalo mwaka huo liliialika Kenya. Vyuo vilimpa mengi, bila shaka. Lakini alifika Makerere akiwa ametoka mahali ambapo mchongaji ni jirani, na kelele za tupa juu ya jiwe ni sehemu ya mchana.

Ukambani kuna kisa kinachofanana na hicho. Mutisya Munge wa Wamunyu alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akawaona Wazaramo wakichonga mti, akarudi na ujuzi huo kwao. Majirani wakamtazama. Watoto wao nao wakawatazama wazazi, na kufikia mwaka 1963 Wakamba walikuwa na chama cha ushirika cha wachongaji Changamwe, Mombasa. Biashara nzima ya vinyago vya Kikamba inasemwa ilianza na mtu mmoja aliyejifunza kwa macho, ingawa ni kundi lililoifanya idumu.

Tovuti nazo zilianza vivyo hivyo. Tim Berners-Lee alipoandika pendekezo lake la mfumo wa tovuti pale kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, mwaka 1989, hapakuwa na shule yoyote ya kazi hiyo duniani. Ukurasa wa kwanza ulipowekwa wazi mwaka 1991, lugha ya HTML ilikuwa na alama zipatazo 18 tu, idadi ambayo mtu angeweza kuimaliza mchana mmoja. Mwaka 1993 CERN ikaamua kwamba teknolojia hiyo itumiwe na yeyote bila malipo. Jambo lililoisambaza haraka lilikuwa dogo sana: kivinjari kilimruhusu msomaji kuona maandishi yaliyoujenga ukurasa alioufungua. Ukipendezwa na jedwali la mtu, unafungua, unatazama alivyolipanga, unaliiga, unabadilisha maneno. Kizazi chote cha kwanza cha wajenzi wa tovuti kilijifundisha. Hakuna ambaye angewafundisha.

Kenya iliunganishwa na intaneti katikati ya miaka ya tisini. Kwa muda mrefu mawasiliano yalipitia setilaiti, ghali na taratibu, na Mkenya wa kawaida aliyapata kwenye saiba, ambako alilipia dakika. Saa iliyokuwa kwenye pembe ya kioo ilikuwa mwalimu mkali. Vijana wengi walijifunza kuhifadhi kurasa kwenye diski, kwenda kuzisoma kwenye kompyuta isiyo na intaneti, kuzibomoa na kuziunda upya, kisha kurudi saiba wiki iliyofuata na maswali yaliyokwisha kuandikwa kwenye karatasi. Aliyepitia hapo huwacheka kidogo wanaolalamika kwamba bando limeisha.

Halafu mambo yakaja kwa kishindo. Januari 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, kundi dogo la Wakenya na marafiki zao, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, liliunda Ushahidi kwa siku chache, ramani ya mtandaoni iliyopokea taarifa kutoka kwa wananchi. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikatia nanga Mombasa, ule wa pili ukitokea Fujairah katika Falme za Kiarabu, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Mwaka 2010 iHub ikafunguliwa Barabara ya Ngong, Nairobi, na mwaka huohuo AkiraChix wakaanza kuwakusanya wanawake waliokuwa peke yao katika madarasa na ofisi za wanaume. Moringa School, shule ya kuandika programu, ikafuata mwaka 2014. Aprili 2022 serikali ikaidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari.

Ukitazama orodha hiyo kwa makini, utaona kwamba wale tunaowaita waliojifundisha wenyewe walikuwa wakitafutana kila walipopata nafasi. iHub haikuwa shule. Ilikuwa meza, intaneti ya kasi, kahawa, na mtu wa jirani wa kumwonyesha kosa lako.

Leo masomo yamejaa kote, tena ya bure. W3Schools ipo tangu 1998, freeCodeCamp tangu 2014. Lakini watafiti walipochunguza kozi za mtandaoni za Harvard na MIT, walikuta kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018 ni asilimia 3 hivi tu ya waliojiandikisha waliofika mwisho. Kozi hizo zilifundishwa na walimu hodari, kwa hiyo ualimu hauwezi kubeba lawama yote. Tatizo jingine ni kwamba mwanafunzi wa peke yake anaweza kukaa miezi mitatu akitazama video bila kuzalisha kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukishika, kukikosoa au kukinunua.

Wale wa Tabaka walilitatua hilo bila kulifikiria sana. Msuguaji hushiriki kutengeneza kiboko kinachouzwa wiki hiyohiyo. Mchongaji mchanga huanza na kisahani cha sabuni, si tembo mwenye mkonga ulioinuliwa, kwa sababu kisahani humalizika siku hiyo na kina mnunuzi. Kosa lake linaonwa papo hapo na mtu aliyeketi karibu. Na jiwe halina huruma: kilichokatika kimekatika, mchongaji atafute mnyama mdogo zaidi ndani ya kilichobaki. Katika hilo anayeanza HTML amependelewa mno. Akisahau kufunga alama ya herufi nzito, maandishi yote yanayofuata hunenepa mbele ya macho yake. Anaongeza alama moja, anahifadhi, anafungua tena, na ukurasa umepona.

Liko jambo jingine linaloziunganisha kazi hizi mbili, nalo ni fedha. Mchongaji wa Tabaka amekuwa akilalamikia madalali tangu zamani. Mwenye lori hununua kwa jumla na kwa bei ya kutupa, duka la Nairobi au Mombasa linaongeza faida yake, na muuzaji wa Ulaya au Marekani anaongeza kubwa kuliko zote. Vikundi kama SMOLArt, kilichoanzishwa Tabaka mwaka 1990, vilijaribu kuufupisha mnyororo huo kwa kuuza moja kwa moja kwa wanunuzi wa biashara ya haki. Hata hivyo, mtu akitafuta jiwe la Kisii mtandaoni, sehemu kubwa ya maduka anayoyakuta yamejengwa na watu walio mbali na timbo. Picha ni zao, maelezo ni yao, na bei ni yao.

Kwa hiyo kijana wa Tabaka, Nyamira au Ogembo anayetaka kujifunza kujenga tovuti asihangaike kutafuta zoezi. Achukue bakuli moja la jirani yake, alipige picha kwenye mwanga wa asubuhi, aandike urefu, upana, rangi, jina la mchongaji kwa idhini yake, bei, na hasa uzito, maana jiwe ni zito na mnunuzi wa mbali hulipia kilo. Ukurasa mmoja, bakuli moja. Kisha amwite mchongaji mwenyewe aje autazame na kusema kilichokosewa, na akishaurekebisha ahamie bakuli la pili.