Sokota

Magazetini, neno ‘msokoto’ hukaa sana jirani na bangi. Lakini kitenzi chake, sokota, kina kazi nyingi za heshima: kamba husokotwa, nywele husokotwa, na tumbo nalo hutusokota bila kuombwa. Sufu ya kondoo pia husokotwa. Nanyuki, karibu na Mlima Kenya, wapo akina mama wanaoisokota kwa mkono.

Nyumbani si lazima uwe na karakana. Ioshe sufu, ichambue, ichane, kisha izungushe kwa kijiti chenye kisahani huku ukiivuta kidogo kidogo. Nyuzi mbili zikiunganishwa, husokotwa kuelekea upande wa pili ili zisijikunje. Asokotaye hutoa uzi. Afumaye hutoa sweta. Na tusiandike ‘sufi’ badala ya ‘sufu’: hiyo hutoka kwenye mti wa msufi.